Baada ya doktora, kazi gani? Mambo ya kujua juu ya postidoktora kwa watu wa Kasongo na Kabambare

Mutoto wa kwetu anatetea doktora. Watu wanapiga makofi, picha zinazunguka ku WhatsApp, wazee wa familia wanatuma salamu kupitia redio. Miezi sita inapita. Kisha mama yake anauliza: "Sasa huyu mutoto, amemaliza masomo ao hapana? Mbona bado anatafuta?"

Swali ni la haki. Familia imeuza mupunga, imeuza mbuzi, imekopa kwa majirani, na miaka imeenda. Jibu halitoki kwa neno moja, kwa sababu kati ya doktora na kazi ya kudumu kuna ngazi moja ambayo huku kwetu haina hata jina. Wenye kusoma Kifaransa wanaiita post-doctorat. Sisi hapa tutaandika postidoktora. Ni kazi ya utafiti ya muda, yenye mukataba, kwa mutu ambaye tayari ana doktora. Kila mwaka iniverisite za Ulaya, Marekani, Afrika ya Kusini na hata jirani zetu wa Afrika Mashariki zinatangaza nafasi za namna hiyo katika sayansi zote: biolojia, kemia, fizikia, jiolojia, hesabu, kilimo, tiba, kompyuta. Wakongomani wanaoziomba ni wachache, na wengi kati yao wanaziomba wakiwa wamechelewa. Juu ya kuchelewa tutarudi, maana ndipo watu wetu wanaumia zaidi.

Dokta wa hospitali na dokta wa masomo

Tuondoe kwanza fujo ya maneno. Kwa Kiswahili chetu, dokta ni mutu wa sindano na stetoskopu. Mutu mwenye doktora ya kemia hawezi kukutibu malaria, na wengi wameshaamshwa usiku kwa sababu ya hilo jina! Doktora ni shahada ya juu kuliko zote: mutu anafanya utafiti wake mupya, anauandika, anautetea mbele ya walimu wakubwa.

Huku Kongo ngazi za iniverisite zinajulikana: asista, shefu wa kazi (CT), kisha mwenye doktora anakuwa profesa asosie, halafu profesa, na mwisho profesa ordineri. Hakuna nafasi ya postidoktora katikati. Ukitetea leo, kwa sheria unangoja barua ya waziri ikuite profesa asosie, na baada ya hapo unangoja jina liingie kwenye orodha ya kulipwa. Kati ya barua ya kwanza na mushahara wa kwanza, muda unaweza kuwa murefu sana. Neno "nouvelle unité" linajulikana na kila mwalimu wa jimbo hili, toka shule ya musingi mpaka iniverisite: mutu anafundisha, lakini hayuko kwenye lisiti ya kulipwa.

Kwingine mambo yalijengwa tofauti. Mwaka wa 1919 kule Marekani, kwa feza za Rockefeller Foundation, walianza kulipa vijana wenye doktora ya fizikia na kemia wafanye utafiti tu, bila kubebeshwa mafundisho, kwa miaka michache. Muzunguko huo ukaenea. Leo katika nchi nyingi, mutu haajiriwi kuwa profesa kabla hajapita kwenye postidoktora moja ao mbili. Mukataba ni wa mwaka mumoja mpaka mitatu. Anakuwa chini ya mukubwa wa maabara, lakini si mwanafunzi tena: anapanga kazi, anaandika makala, anasaidia wanafunzi wadogo. Feza zinatoka kwa njia mbili. Ao ni muradi wa mukubwa wa maabara, na yeye anatafuta mikono ya kuufanya. Ao ni bursi ambayo wewe mwenyewe umeiomba na wazo lako, kisha unakuja nayo kwenye maabara. Hizi njia mbili zinaombwa kwa namna tofauti kabisa, na tutaeleza.

Utafiti si kitu kigeni hapa

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Wazungu na ya Kinshasa. Hebu tukumbushane.

Zone ya afya ya Kasongo inajulikana katika vitabu vya afya ya watu wote duniani. Miaka ya 1970 na 1980, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi hapa katika muradi ulioitwa Muradi wa Kasongo. Swali lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: hospitali moja na vituo vya afya vya vijijini vifungwe pamoja namna gani, ili mugonjwa wa mbali apate huduma nzuri bila kuvunja mifuko ya watu? Dunia nzima ilikuwa inajiuliza swali hilo, na mwaka wa 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata kuzungumza juu ya afya ya musingi. Kasongo ilikuwa na majibu ya kweli, yaliyopimwa na manesi wanaotembea kwa miguu.

Mwaka wa 1981, gazeti la tiba The Lancet la Uingereza lilichapisha kazi ya timu hiyo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye miezi 7 mpaka 35. Chanjo ilipunguza vifo. Lakini watafiti waliona ile tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa inapungua kadiri watoto wanavyokua, wakauliza kama ugonjwa mwingine hauji kuchukua nafasi ya surua kwa watoto walio dhaifu. Swali hilo lilileta mujadala mukubwa. Wengine, hasa waliofanya kazi Guinea-Bissau, walipinga kwa takwimu zao na kuonyesha kwamba faida ya chanjo ya surua ni kubwa kuliko ilivyofikiriwa. Basi muzazi anayesoma hapa asikose siku ya chanjo. Tunalolitaka kuonyesha ni lingine: vitu vilivyohesabiwa hapa, kwenye njia zetu za matope, vilijadiliwa London na Geneva. Makala ile ilitiwa sahihi kwa jina la timu, Kasongo Project Team. Jina la muji wetu lilikwenda mbali. Majina ya waliopita nyumba kwa nyumba na madaftari, hayo dunia haikuyaona kwenye kichwa cha makala.

Mufano wa pili ni wa hapa Nyangwe penyewe. David Livingstone alikaa hapa toka mwisho wa Machi mpaka Julai 1871, na tarehe 15 Julai akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kando ya Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemuishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino aliotengeneza na rangi ya mumea wa hapa, na maandishi yakafifia mpaka hayasomeki. Yalikaa hivyo karibu miaka 140. Kisha timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki, mutu wa fasihi, ikaungana na wataalamu wa kupiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, hata ile ambayo jicho halioni, na mwaka wa 2011 daftari likatolewa likisomeka. Ndani ya kazi moja kulikuwa na fizikia, kompyuta, historia na watunzaji wa maktaba. Ndivyo matangazo mengi ya siku hizi yalivyo: mutu wa hesabu anaitwa kwenye muradi wa malaria, mutu wa kemia anaitwa kwenye muradi wa mabaki ya kale.

Na nyani lesula? Timu za watafiti zilimukuta mwaka wa 2007 upande wa Opala, kwenye musitu ulio kati ya mito Lomami na Tshuapa, na mwaka wa 2012 akaandikwa rasmi kuwa aina mupya kwa sayansi. Wawindaji walikuwa wanamujua toka zamani. Mwaka wa 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikatangazwa, sehemu yake ikiwa ndani ya Maniema. Kazi ya kulinganisha ADN na mifupa yake ilifanyika katika maabara za Marekani. Huku kwetu kulikuwa na musitu, wafuatiliaji na nyani mwenyewe. Maabara na watu wa doktora walikuwa kwingine.

Nafasi zinapatikana wapi

Tuanze karibu. Ndani ya Kongo, neno postidoktora halipo kwenye orodha za serikali, lakini kazi yenyewe inafanyika pale ambapo kuna muradi wa nchi za nje. Yangambi, kilometa mia moja hivi toka Kisangani, iko na INERA, iliyorithi kituo cha kilimo cha INEAC kilichoanzishwa mwaka wa 1933. Pale kuna moja ya makusanyo makubwa ya mimea iliyokaushwa katika Afrika ya kati, kuna maabara ya mbao, na toka mwaka wa 2020 kuna munara wa CongoFlux wa metre 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka musituni, uliojengwa pamoja na Iniverisite ya Ghent. Mutu mwenye doktora ya ikolojia ao ya fizikia ya hewa, mulango wake wa kwanza uko pale, na kwenye Iniverisite ya Kisangani.

Lwiro, kaskazini ya Bukavu, ilijengwa kwa ajili ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka wa 1947, na leo inaitwa CRSN. Ajabu ni kwamba wakati ule vijana wanasayansi walitoka Ulaya kuja Lwiro kufanya ile kazi ya baada ya doktora ambayo leo vijana wetu wanaitafuta kule kwao. Uvira kuna kituo cha mambo ya maji na samaki wa Tanganyika. Kalambo kuna kituo cha IITA cha mihogo, ndizi na udongo. Goma kuna Observatware ya Volkano inayochunguza Nyiragongo, ule mulima uliowaka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. INRB, iliyoanza Kinshasa mwaka wa 1984, iko na maabara Goma pia. Ndiyo iliyobeba kazi kubwa ya kusoma virusi vya mpox vilivyotokea Kamituga mwisho wa 2023, na ambavyo vilifanya OMS itangaze hatari ya dunia mwezi wa Agosti 2024.

Lakini tuseme wazi: tangu vita vilipofika Goma, Januari 2025, na Bukavu, Februari 2025, kwenda kule toka Maniema na kupokea feza kule kumekuwa shida kubwa. Usichukue njia kabla hujaongea na mutu aliye ndani ya kile kituo wiki hiyohiyo.

Kwa jirani, Nairobi ndiyo sokoni. ICIPE, iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na Thomas Odhiambo wa Kenya, inashughulika na wadudu: mbu, mbung'o, nyuki, funza wa mahindi. ILRI, ya mifugo, iko Nairobi vilevile. Zote mbili zinatangaza postidoktora mara kwa mara. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Uganda kuna Makerere. Kiswahili chako kitakusaidia kwa chakula na kwa bas, si kwa maabara. Maabara ni Kiingereza. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, na ni heri kulisema mapema: mutu aliye kwenye mwaka wa kwanza wa doktora aanze Kiingereza leo, asingoje diploma.

Afrika ya Kusini inatoa nafasi nyingi kuliko nchi nyingine ya bara hili. Karibu kila iniverisite kubwa kule iko na orodha ya postidoktora za fakilte zote. Mara nyingi wanataka doktora isiyozidi miaka 5. Elewa pia kwamba kule mara nyingi unapewa bursi, si mushahara wa mufanyakazi: kodi hailipwi, lakini pensheni hakuna, na bima ya afya unajitafutia.

Ulaya, bursi inayojulikana zaidi ni ya Marie Skłodowska-Curie, ya Umoja wa Ulaya. Inafunguliwa kila mwaka na mara nyingi inafungwa mwezi wa Septemba. Kabla ya kufunga uwe tayari na doktora, na miaka yako ya utafiti baada ya doktora isizidi 8. Kuna sharti lingine ambalo linawasaidia walio huku: katika miezi 36 iliyopita, usiwe umeishi ao kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika ile nchi unayoiomba. Mutu aliyesomea Ubelgiji akakaa kule anaweza kukatazwa Ubelgiji. Wewe uliyetetea Kisangani, nchi zote ziko wazi. Ujerumani kuna bursi ya Humboldt, ya miezi 6 mpaka 24, kwa wenye doktora isiyozidi miaka 4. Ubelgiji kuna ARES kwa upande wa Kifaransa na VLIR-UOS kwa upande wa Kiflemi, ambazo zinalipia hasa miradi ya pamoja na iniverisite za Kongo. Watu wa jiolojia wasisahau Makumbusho ya Kifalme ya Tervuren: ramani na nyaraka nyingi za migodi ya wakati wa ukoloni ziko pale, na mutu anayeujua udongo wa Kabambare na Namoya kwa miguu yake analeta kitu ambacho wao hawana.

Kuna pia TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, iliyoanzishwa mwaka wa 1983 na Abdus Salam kule Trieste, Italia. Inapeleka watafiti wa nchi kama yetu kwenye maabara za nchi nyingine za Kusini, kama India na Pakistan. Watu wa fizikia na hesabu wako na nyumba yao palepale Trieste, ICTP, toka mwaka wa 1964. Kwa wanawake kuna OWSD, nayo ya Trieste chini ya UNESCO: bursi moja kwa wale wanaotafuta doktora, na nyingine, inayoweza kufika dola 50,000, kwa mwanamuke aliye tayari na doktora ili ajenge utafiti wake nyumbani, katika iniverisite ya nchi yake mwenyewe. Hii ya pili tunaipenda kuliko nyingine zote, kwa sababu haimutoi mama kwa watoto wake, na vyombo vinavyonunuliwa vinabaki hapa.

Saa inayokimbia

Sasa tufike kwenye lile tulilosema tutarudi.

Umeona zile hesabu: miaka 4, miaka 5, miaka 8. Zote zinaanza kuhesabiwa siku ya doktora yako. Umri wako wa kuzaliwa kwa kawaida haujalishi. Mutu wa miaka 48 aliyetetea mwaka jana anaonwa kuwa kijana wa utafiti. Lakini mutu aliyetetea Juni 2022, Humboldt inamufunga Juni 2026, Afrika ya Kusini 2027, Marie Curie 2030. Na hapa nyumbani watu wanafanya nini? Wanangoja. Wanangoja barua ya waziri, kisha mushahara, kisha orodha isahihishwe. Wanasema, kwanza nipate nafasi yangu, ya nje nitaangalia baadaye. Hiyo baadaye inakuja milango imefungwa.

Kungoja na kuomba vinaweza kwenda pamoja. Kuomba postidoktora hakukuondoi kwenye orodha ya hapa. Kuna bursi zinazokubali kupunguza miaka ya uzazi ao ya ugonjwa kwenye hesabu, lakini zinataka cheti. Mama aliyezaa baada ya kutetea atunze karatasi ya kuzaliwa ya mutoto pamoja na diploma yake.

Na wale CT wasio na doktora? Kwao postidoktora haiko. Tangazo likisema doktora, hata miaka 20 ya kufundisha haitoshi. Watafute bursi za doktora, hasa zile za kugawanya muda: miezi fulani nje kwenye maabara, miezi mingine huku kwenye uwanja.

Namna ya kuomba

Soma tangazo mara mbili, na mara ya pili uwe na kalamu. Tafuta: muradi ni wa nini, mukataba ni wa muda gani, doktora iwe ya lini, mbinu gani zinatakiwa, barua ngapi za walimu wanaokujua, siku ya kufunga na saa ya nchi gani. Kama ni muradi wa mukubwa wa maabara, anatafuta mutu anayejua kitu fulani hasa: kusoma ADN, ramani za satelaiti, takwimu kwa programu R. Mueleze hicho kitu umekifanya wapi. Usimuandikie kurasa tano za maisha. Kama ni bursi ya wazo lako, mambo yanageuka: wewe ndiye unaanza, unamuandikia profesa miezi mingi kabla, unamupa wazo la kurasa moja ao mbili, na yeye akikubali mnaandika dosie pamoja. Ukimutafuta wiki mbili kabla ya kufunga, hatakujibu, na ana haki.

Barua zenye "Mpendwa Profesa" zilizotumwa kwa watu hamsini kwa siku moja zinatambulika haraka. Soma makala moja ya huyo mutu, kisha mwambie wapi kazi yako inaikuta yake.

Jambo moja ambalo watu wetu wanalificha bila sababu ni kwamba wanatoka vijijini. Kwa muradi wa misitu, wa zebaki kwenye machimbo ya zahabu, wa samaki wa Lualaba, mutu anayeongea Kiswahili, anayejua kuomba ruhusa kwa chifu na anayejua njia ya Salamabila wakati wa mvua ni mutaalamu tayari. Andika hayo kwenye CV. Mapatano ya Nagoya ya 2010, ambayo Kongo imeingia, yanataka nchi yenye mimea na wanyama ipate sehemu yake kwenye faida. Miradi mizuri inatafuta Mukongomani awe ndani toka mwanzo, na jina lake liwe kwenye makala. Uliza swali hilo kwenye mahojiano. Hawatakasirika.

Juu ya makaratasi: diploma na lisiti ya pointi, vyenye sahihi na muhuri, tafsiri ya mutafsiri aliyeapa, kama wanataka Kiingereza, pasipoti yenye muda wa kutosha, karatasi ya manjano ya chanjo. Kwa viza za nchi nyingi za Ulaya, safari ni mpaka Kinshasa, na toka Kindu hiyo ni ndege. Weka feza hiyo kwenye hesabu ya familia toka mwanzo. Mahojiano yanafanyika kwa video, na reseau ya Nyangwe mnaijua. Nenda Kasongo ao Kindu siku moja mbele, jaribu laini mbili, na mwambie mukubwa kwa barua kwamba ikikatika utapiga simu ya kawaida. Wamezoea.

Wezi wa ndoto

Kuna ujumbe unaozunguka wenye logo ya iniverisite kubwa, wenye makosa ya Kifaransa, na mwisho wake dola 50 ao 150 za "kufungua dosie", zitumwe kwa M-Pesa ao Airtel Money. Maabara inayotaka kukulipa mushahara haikuombi feza ili ikuajiri. Kuna iniverisite chache zinazodai malipo madogo kwa wanafunzi wapya, lakini kwa kazi ya postidoktora, hapana. Anwani ya barua-pepe iangaliwe: profesa wa iniverisite anaandika kwa anwani ya iniverisite yake, si ya bure. Mutu anayekuhakikishia viza, anasema uongo, maana viza inatolewa na ubalozi peke yake. Ukiwa na mashaka, ingia wewe mwenyewe kwenye ukurasa wa iniverisite, tafuta jina la yule profesa, muandikie kwa anwani uliyoikuta pale, uulize kama tangazo ni lake. Kwa nafasi za Ulaya, ukurasa wa EURAXESS wa Umoja wa Ulaya unakusanya matangazo mengi, na kuusoma ni bure.

Kabla ya kupanda ndege

Aliye asista, CT ao profesa katika chuo cha serikali asiondoke kimya. Aombe ruhusa kwa maandishi kwa komite ya usimamizi ya chuo chake, na apate jibu kwa maandishi, lenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Ruhusa ya mudomo inasahaulika siku mukubwa anapobadilishwa, na mutu anarudi anakuta jina lake limefutwa kwa kuacha kazi. Nakala moja ibaki kwa familia. Ukipata shahada ao cheti kipya kule nje, uliza mapema wizarani Kinshasa kama kinadai karatasi ya ekivalansi, kwa sababu makaratasi ya kuiomba, kama lisiti za pointi na barua za chuo, ni rahisi kuyapata ukiwa bado kule kuliko ukisharudi Nyangwe.